Kabla ya kununua haibridi, uliza betri imeishi vipi

Juma lililopita nilipokea barua ndefu kutoka kwa mwalimu mmoja wa kike anayeishi Ruiru. Nimeona afadhali niijibu hapa hadharani, kwa maana swali lake ndilo ambalo wengi wenu mmekuwa mkiniuliza kwa vipande, mmoja sokoni, mwingine nje ya kanisa, mwingine kwa simu usiku nikiwa nimekwisha lala.

Mwalimu huyu anasema yeye na mumewe wamekubaliwa mkopo wa Sh2.4 milioni na Sacco yao. Waliowadhamini ni walimu wenzake watano, na mkopo utakatwa kwenye mishahara kwa muda wa miaka minne. Wana watoto watatu. Kifungua mimba wao amejiunga na gredi ya 10 katika shule ya bweni, na karo, kama mjuavyo, haina subira.

Wanataka gari la saluni la haibridi, yaani lile lenye injini ya petroli na mota za umeme kwa pamoja, la kutosha watu watano na mizigo yao. Kila siku ya kazi huteremka Thika Road asubuhi kuelekea mjini na kurudi jioni. Mwezi wa Desemba huenda Kakamega kwa wazazi wa mume.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Mume amependa Toyota Camry moja la mwaka wa 2013 ambalo dalali amewaonyesha. Ni kubwa, viti ni vya ngozi, linang'aa, na bei yake iko chini ya mkopo hivi kwamba kutabaki chenji. Mke naye anataka gari lililotoka Japani moja kwa moja, hata likiwa dogo. Shemeji yake, ambaye ni fundi wa magari Kariobangi, amewakataza wote wawili. Asema haibridi ni bomu lenye magurudumu, na betri ikifa gari hugeuka banda la kuku.

"Ndugu mwandishi," mwalimu anamaliza, "tumsikize nani? Tafadhali jibu upesi kwa sababu dalali anatusukuma."

Jibu langu la kwanza, mwalimu, linahusu hilo la mwisho. Dalali anayesukuma mwacheni asukume ukuta. Hayo mengine yanataka kuelezwa polepole.

Nianze na shemeji. Teknolojia hii si ya jana. Toyota ilianza kuuza Prius kule Japani mnamo Desemba 1997, na tangu hapo mamilioni ya magari ya namna hii yameendeshwa ulimwenguni. Chini ya boneti kuna injini ya petroli kama ya gari lolote. Pamoja nayo kuna mota za umeme, na huko nyuma kuna betri kubwa. Ukikanyaga breki, mota hugeuka kuwa jenereta na kuirudishia betri nguvu ambayo kwa gari la kawaida hupotea kama joto kwenye breki. Ukisimama kwenye msongamano, injini hujizima na gari hungoja kimya kimya. Hulichomeki popote kwenye stima. Yale ya kuchomekwa ni aina nyingine.

Ni kweli kwamba umeme ulio ndani si wa kuchezea. Betri ya Camry la 2013 ina volti karibu 245, na nyaya zake zimevikwa rangi ya chungwa ili fundi asizishike kwa mazoea. Lakini gari lenyewe limeundwa kuukata umeme huo likizimwa au likigongwa vibaya. Kwa hivyo habari ya bomu, shemeji, tuiweke kando. Habari ya banda la kuku sitakubishia, kwa maana nimeyaona magari ya namna hiyo yamekaa nyuma ya gereji, nyasi zimepita madirisha.

Sasa tuangalie hesabu, kwa sababu watu wengi hununua haibridi kwa kusikia tu kwamba inakula mafuta kidogo.

Kutoka Ruiru hadi mjini na kurudi ni kama kilomita 50. Kwa siku 22 za kazi hizo ni kilomita 1,100 kwa mwezi. Tuchukue petroli kuwa Sh180 kwa lita, ambayo ndiyo bei iliyokuwa ikizungukwazungukwa hapa Nairobi mwaka wa 2025. Mamlaka ya EPRA huibadilisha kila tarehe 14, kwa hivyo mtarekebisha wenyewe. Kilomita ninazotaja ni makisio yangu ya msongamano wa Thika Road, si ahadi ya kiwanda.

Saluni kubwa la petroli la lita 2.5 litaenda kilomita 8.5 hivi kwa lita moja katika msongamano huo. Hapo mtateketeza kama Sh23,300 kwa mwezi. Camry la haibridi lenye injini ya ukubwa uo huo, betri yake ikiwa nzima, tulipe kilomita 15. Mtalipa Sh13,200. Mmeokoa Sh10,000, na hizo ni pesa.

Lakini ngojeni. Saluni dogo la petroli la lita 1.5 huenda kilomita 12.5 hivi kwa lita, nalo litawagharimu Sh15,800. Yaani tofauti baina ya haibridi kubwa na gari dogo la kawaida ni Sh2,600 tu kwa mwezi! Haibridi dogo la lita 1.5, kwa kilomita 20 kwa lita, litawagharimu Sh9,900. Mwenye kusifu haibridi kubwa hulilinganisha na mlafi mwenzake, halilinganishi na gari ambalo nyinyi mngelinunua.

Safari ya Kakamega nayo isiwadanganye. Njia ndefu isiyo na kusimamasimama haimpi haibridi nafasi kubwa ya kuvuna umeme wa breki, na huko injini ndiyo hufanya kazi karibu muda wote. Faida yake iko mjini. Mtu anayeishi Eldoret na kwenda Kitale kila siku barabara ikiwa wazi, mimi nisingemhimiza sana.

Tena msihadaike na namba zilizoandikwa katika karatasi za Japani. Camry lililotoka 2017 liliandikiwa huko hadi kilomita 33.4 kwa lita, kwa kipimo chao kiitwacho JC08. Kipimo hicho hufanyiwa ndani ya chumba, gari likizunguka juu ya mapipa. Huko ndani hakuna matatu ya kukukatia njia pale Roysambu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, na nitalieleza kwa aibu yangu mwenyewe.

Mwaka wa 2019 mimi pia nilinunua haibridi kutoka yadi moja ambayo sitaitaja jina. Gari lilikuwa limetumika hapa nchini kwa miaka mitatu. Nilifungua boneti, nikatazama oili, nikapiga magurudumu teke kama mtu anayejua, nikalizungusha mtaani dakika kumi. Dashibodi haikuonyesha taa yoyote. Nililipa.

Juma la tatu, mimi na mama watoto na watoto tulikuwa tukielekea Nakuru. Tulipokuwa tukikaribia Gilgil, pembetatu nyekundu iliwaka kwenye dashibodi, gari likakosa nguvu, na injini ikaanza kunguruma bila kupumzika. Tuliingia Nakuru kwa mwendo wa baiskeli. Mama watoto hakusema neno. Nyinyi mlio na wake mnajua kimya cha namna hiyo.

Fundi aliyelitazama alikuwa kijana wa makamo anayeshughulikia haibridi peke yake. Hakugusa boneti hata kidogo. Aliinama kando ya kiti cha nyuma, akaonyesha tundu dogo lenye wavu wa plastiki ambalo mimi nilikuwa nimeliona na kudhani ni la spika. Lilikuwa limezibwa na vumbi, manyoya ya blanketi na unga wa biskuti. Alipofungua zaidi, alitoa feni iliyovikwa vumbi zito kama sufu ya kondoo.

Hapo ndipo nilipoelewa. Betri ya haibridi hupumua. Huvuta hewa kutoka ndani ya gari, mle mle mnamoketi, ili ipoe. Tundu likizibwa, betri hupata joto, na adui mkubwa wa betri ni joto. Miaka mitatu ya vumbi la Kenya, na mwenye gari wa kwanza asiye na habari, ilikuwa imeipika polepole. Kisha kabla ya kuniuzia, mtu mmoja alichomeka kompyuta akafuta taa za onyo. Taa iliyofutwa hukaa kimya siku kadhaa, wakati mwingine majuma, halafu hurudi. Wakati huo muuzaji ameshakula pesa zako.

Nililipa Sh140,000 kupata betri nyingine iliyofanyiwa ukarabati. Pesa hizo zilikuwa za muhula wa kwanza wa mtoto.

Ndiyo maana nawaambia kwamba ununuapo haibridi, mwaka wa gari na mng'aro wake huja baadaye. Cha kwanza ni kujua betri imeishi vipi, imeishi wapi na ni nani aliyekuwa akiitunza. Nikilipima gari la mume wako kwa kipimo hicho, mwalimu, naona mambo yafuatayo.

Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari kuukuu lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe kwa mara ya kwanza. Ikiwa Camry hilo lilisajiliwa Japani mwaka wa 2013, basi haliwezi kuwa liliingia hapa baada ya 2020. Kwa hivyo limekula vumbi letu kwa miaka isiyopungua mitano, na pengine zaidi. Betri yake ni ya nikeli, nayo imefanyizwa kwa vipande 34 vilivyopangwa kama vitabu kwenye rafu. Kipande kimoja kikifa, fundi wa bei rahisi atakibadilisha hicho kimoja. Vile 33 vilivyobaki vina umri ule ule, na baada ya miezi michache kingine huanguka. Nimewajua watu waliokwenda gereji mara nne kwa mwaka mmoja kwa ajili ya ugonjwa huo huo.

Simwambii mume wako kwamba gari hilo ni bovu. Sijaliona. Huenda lilikuwa la mtu mwangalifu aliyebadilisha betri nzima mwaka jana na anazo risiti. Likiwa hivyo, ni gari zuri sana na nitakuwa wa kwanza kuomba lifti. Ila risiti zenyewe zionekane, zikiwa na namba ya chesisi na jina la gereji, na gereji hiyo mpigiwe simu. Dalali akisema risiti zilipotea wakati wa kuhama nyumba, basi betri nayo hesabuni kuwa imepotea, na bei ikatwe kiasi cha kununua nyingine.

Kuhusu gari jipya kabisa la dukani, sitakawia. Kwa Sh2.4 milioni hamtapata saluni jipya la haibridi la ukubwa mnaotaka. Kwa msomaji mwingine mwenye uwezo, raha yake ni kwamba betri haijawahi kuishi kwa mtu mwingine, na kuna waranti. Lakini waranti hiyo isomwe. Ulizeni betri kubwa inalindwa kwa miaka mingapi na kilomita ngapi, na kama inveta, kile kifaa kinachobadilisha umeme wa betri uweze kuendesha mota, imo pia. Mara nyingi huwa kuna sharti kwamba huduma zote zifanyiwe kwao. Ukikosa moja, umejitoa mwenyewe. Halafu mjue gari jipya hupoteza thamani haraka katika miaka ya mwanzo. Anayelinunua kwa mkopo na kuliuza baada ya miaka mitatu amewafanyia wengine hisani.

Linabaki wazo lako, mwalimu, la gari lililotoka Japani moja kwa moja. Mimi naegemea upande huu, lakini si kwa macho yaliyofumbwa.

Kwanza kuhusu ushuru. Watu hudhani KRA hutoza kulingana na pesa walizolipa Japani. Sivyo. KRA ina orodha yake ya bei za magari yakiwa mapya, na hupunguza asilimia kadhaa kulingana na umri wa gari. Juu ya hesabu hiyo ndipo ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT ya asilimia 16 hupandishwa. Ushuru wa bidhaa hutegemea ukubwa wa injini, na gari lisilozidi lita 1.5 hutozwa kiwango cha chini kuliko lililozidi hapo. Hii ndiyo sababu Camry la hivi karibuni la lita 2.5, au Honda Accord la lita 2, litawatoka mbali sana na mkopo wenu, ilhali Toyota Corolla Axio la haibridi lenye injini ya lita 1.5 laweza kuwakaribia. Kuna pia Corolla la saluni la lita 1.8 lililoanza kuuzwa Japani Septemba 2019. Hilo ni pana na zuri zaidi, lakini tayari limevuka mpaka wa lita 1.5. Kabla ya kutuma hata senti moja, mwombeni wakala wa forodha awaandikie hesabu yote kwa gari mahususi, mwaka mahususi. Hesabu ya mdomo huongezeka ikifika Mombasa.

Honda Grace nalo ni saluni la haibridi la lita 1.5, na lina buti kubwa kuliko mtu anavyodhani. Kasoro yake ni gia, ambazo zina klachi mbili ndani. Magari ya Honda ya aina hiyo yalirudishwa kiwandani zaidi ya mara moja huko Japani kati ya 2013 na 2014 kurekebishwa. Axio halina klachi wala mkanda katika gia zake. Ni meno ya chuma yanayozungukana pamoja na mota mbili, tena halina stata wala alteneta ya kawaida. Kitu ambacho hakipo hakiwezi kuharibika.

Watoto watatu watatosha kiti cha nyuma cha Axio? Watabanana. Yule wa bweni miguu yake itagusa kiti cha mbele. Lakini hayupo nyumbani sehemu kubwa ya mwaka, na kwenda Kakamega kwa kubanana ni afadhali kuliko kungoja gari la kuvuta pale Gilgil. Naye mzee wa nyumba itabidi alisahau lile suala la viti vya ngozi.

Pili, waranti ya Japani haivuki bahari pamoja na gari. Kinachovuka ni karatasi ya mnada. Dai uone karatasi yenyewe, si alama iliyonakiliwa na muuzaji. Namba ya chesisi ilingane. Alama ya 4 au 4.5 ni njema. Ukiona herufi R, gari liligongwa na kutengenezwa. Tazama kilomita zilizoandikwa, kisha uzilinganishe na zile za dashibodi gari likishuka, maana kuna mafundi hapa kwetu ambao kazi yao ni kuzirudisha nyuma.

Mtakapokwenda kulitazama gari lolote, liwe la yadi au la dalali, fanyeni hivi. Mwambieni mapema kwamba mnataka kulikuta injini ikiwa baridi, na mguse boneti mkifika. Akiwa ameshaliwasha "ili lisiwasumbue", rudini siku nyingine. Washeni gari mpaka neno READY litokee, fungulieni hewa baridi, na mketi tu dakika kumi mkiangalia mchoro wa betri. Injini itawaka na kuzima, hilo ni sawa. Lakini mchoro ukishuka kutoka juu hadi chini kwa dakika chache na kupanda tena upesi hivyo hivyo, betri imechoka. Injini isiyozima kabisa baada ya kupata joto ni dalili mbaya pia. Kisha mliendeshe kwa zaidi ya nusu saa, mwingie mahali penye kilima, na mmoja aketi nyuma asikilize feni. Ikivuma kwa nguvu siku isiyo ya joto, kuna jambo.

Baada ya hapo, mlipieni fundi wa haibridi aje na mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Asome volti ya kila sehemu ya betri gari likipanda na likishuka. Sehemu zote zinapaswa kwenda pamoja, na moja ikibaki nyuma mwaijua habari yake. Aangalie pia ni lini mara ya mwisho kumbukumbu za hitilafu zilifutwa. Hilo swali la pili lingeniokoa mimi Sh140,000.

Inueni zulia la nyuma na mnuse. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalizamisha magari mengi hapa Nairobi, na baadhi yake yamekaushwa, yakapakwa manukato na kurudi sokoni. Kwa gari la petroli hayo ni maradhi. Kwa haibridi ambalo betri yake iko chini ya kiti au nyuma yake, ni msiba. Kutu kwenye vyuma vya kiti na tope kwenye shimo la spea havidanganyi.

Gari likiwa la hapa nchini, fanyeni uchunguzi wa namba yake kwa NTSA kabla ya kulipa. Mkikuta jina la benki au mkopeshaji kwenye hati, hiyo ni kusema mnanunua deni la mtu.

Nataka kusema neno kuhusu betri nyingine, ile ndogo ya volti 12, kwa sababu imewaponza wengi. Kila haibridi ya namna hii huwa nayo, mara nyingi ikiwa kwenye buti. Ndiyo huamsha kompyuta. Ikichoka, taa za dashibodi huwaka ovyo na gari hukataa kuwaka kabisa, na fundi asiye mwaminifu atawaambia betri kubwa imekufa. Ipimwe hiyo ndogo kwanza, na ikibadilishwa iwe ya aina iliyopendekezwa kwa gari hilo. Jirani akiomba gari lenu limsaidie kuwasha lake, mkatalieni kwa upole. Mnaweza kuchoma vitu vya bei kubwa.

Tundu la betri lisafishwe kila mara gari linapofanyiwa huduma. Watoto wakatazwe kuliwekea mkoba au sweta. Maji ya inveta yana chupa yake, tofauti na ya rejeta, nayo yasiongezwe maji ya mfereji hata kama mwenye petroli anajitolea kwa moyo mweupe. Na kama shemeji atapenda, kuna vyuo na gereji zinazofundisha kazi hii. Fundi mwerevu kama yeye asiogope waya wa chungwa, ajifunze kuuheshimu.

Kwa hivyo shauri langu ni hili. Msichukue Camry mpaka betri isomwe na risiti zionekane. Bila hayo, chukueni Axio la haibridi lililo jipya zaidi kadiri mkopo unavyoruhusu, lenye karatasi ya mnada, nalo lisomwe vile vile. Msimalize mkopo wote kwa gari. Na kila mwezi, zile Sh5,900 ambazo mngeziteketeza kama mngekuwa na saluni dogo la petroli, zitieni kwenye akaunti ya peke yake ambayo hamuigusi kwa harusi wala matanga. Kufikia mwisho wa mkopo, yaani miezi 48, zitakuwa zaidi ya Sh280,000. Betri ikifa, mnayo. Isipokufa, mtoto wa pili naye atakuwa ameshahitaji karo, na wale wadhamini watano hawatakuwa wamesumbuliwa.

Jambo moja nimelibakiza kwa ajili ya watoto. Haibridi huondoka bila sauti. Mtoto aliyezoea kusikia injini kabla ya kusogea atakuwa bado anachezea nyuma ya gari likianza kurudi nyuma. Wafundisheni hao wawili walio nyumbani, na yule wa bweni akija likizo: mtu akiwa ndani ya gari, hakuna kucheza nyuma yake, hata likiwa kimya. Nawe mwalimu, kabla ya kuweka gia, wahesabu.

Mkisha kulisoma hilo Camry, niandikie tena unieleze vile vipande 34 vilisemaje.